Kutafuta Mvujo wa Polepole katika Rejeta ya Pikapu: Somo la Uchunguzi kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

UTANGULIZI

Katika madarasa mengi hatua za uchunguzi wa kisayansi hufundishwa kana kwamba ni shairi la kukariri. Mwanafunzi huzitaja zote bila kukosea: kutambua tatizo, kubuni jibu la muda, kufanya jaribio, kuandika matokeo, kutoa uamuzi. Walakini mwanafunzi huyo huyo akiulizwa kwa nini taa ya chemli ya nyumbani kwao inatoa moshi mwingi, hajui aanzie wapi. Kosa hili si lake. Hatua hizo hakupata kuzitumia katika jambo ambalo jibu lake lilihitajiwa kweli na mtu fulani.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi tatizo moja la kawaida, yaani pikapu ya zamani inayopungukiwa na maji polepole bila mtu kujua yanakokwenda, linavyoweza kumfundisha mwalimu mwenyewe, na baadaye wanafunzi wake, namna ya kuchunguza. Hatukusudii kumgeuza mwalimu-mwanachuo awe fundi wa magari. Tunataka aone kwamba fundi mzuri na mwalimu mzuri hufuata njia moja: hawatengenezi kasoro ambayo hawajaiona.

Tumechagua mazingira ya Mandewa, kata iliyo katika Manispaa ya Singida, kwa sababu mbili. Kwanza, katika mkoa huu pikapu ya miaka mingi ni chombo cha kazi na wala si cha anasa. Ndiyo inayobeba magunia ya alizeti, vitunguu na matenga ya kuku, na usiku mgonjwa akizidiwa, aghalabu ndiyo inayompeleka hospitali. Pili, maji na mwinuko wa Singida vina athari juu ya mashine hii. Mji uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Maziwa yaliyo kando yake, Singidani na Kindai, ni ya maji ya chumvi. Na visima vingi vya mkoa hutoa maji yenye chumvichumvi. Mambo haya mawili tutayarejea.

KWA NINI INJINI INAHITAJI MAJI

Petroli au dizeli inapoungua ndani ya injini, si nguvu yake yote inayoliendesha gari. Kwa makadirio ya jumla, theluthi moja tu ndiyo inayofanya kazi. Theluthi nyingine hutoka na moshi katika ekzosi. Na theluthi inayobaki huingia katika vyuma vya injini kama joto. Joto hilo lisipoondolewa, vyuma hutanuka hadi kukwama au kupinda.

Kazi ya kuliondoa hufanywa na maji. Pampu huyasukuma kuzunguka silinda, nayo hupokea joto. Kisha hupita katika mpira wa juu hadi kwenye rejeta, huteremka katika mirija myembamba inayopulizwa na feni, hupoa, na kurudi kwenye injini kwa mpira wa chini. Kati ya injini na rejeta kuna mlango mdogo uitwao themostati. Wakati injini ni baridi mlango huu umefungwa ili injini ipate joto upesi. Maji yakifikia joto lililokusudiwa, ambalo katika magari mengi ni kati ya nyuzi 76 na 88 za Sentigredi, hufunguka.

Sehemu ambayo watu wengi huidharau ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko huu haufuniki tu. Ndani yake mna springi na vali inayozuia mvuke usitoke mpaka mgandamizo ufikie kiasi fulani. Sote tunajua kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100 katika usawa wa bahari. Hapa Singida, kwa sababu ya mwinuko, maji katika sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Lakini yakifungiwa chini ya mfuniko ulioandikwa 0.9, kama ilivyo katika pikapu nyingi za Toyota, hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 115. Basi mfuniko uliochoka humnyang'anya dereva nyuzi 20 za usalama, ingawa rejeta yenyewe haina tundu hata moja.

Inafaa kukumbuka kwamba magari ya kwanza kabisa hayakuwa na mpango huu. Bertha Benz aliposafiri kwa gari la mumewe kutoka Mannheim hadi Pforzheim huko Ujerumani mwezi Agosti 1888, maji ya injini yalikuwa yakipoa kwa kuchemka na kutoka kama mvuke, na ilimbidi ayaongeze mara kwa mara njiani. Kwa gari lile kupungukiwa na maji ilikuwa desturi. Kwa gari la leo, ambalo maji yake huzunguka mahali palipofungwa, kupungua kwa maji ni habari tunayopaswa kuisikiliza.

HATARI YA MVUJO WA POLEPOLE

Mpira wa maji ukipasuka barabarani, dereva huona mvuke, husimama, na tatizo hujulikana. Mvujo wa polepole hauna makelele. Dereva huzoea kuongeza kikombe cha maji kila asubuhi, na mazoea hayo humfanya aone kwamba gari lake "linakunywa maji" kwa tabia yake. Kisha siku moja anapakia mzigo mzito, au anapanda mlima Sekenke akitoka Igunga kuja Singida, na maji yaliyobaki hayatoshi.

Hapo kuna mtego. Mshale wa joto katika dashibodi husoma joto la maji yanayokigusa kipimo kilicho katika injini. Maji yakipungua hata kipimo kikabaki hewani, mshale unaweza kuonyesha salama huku injini inaungua. Matokeo yake ni silinda hedi kupinda, hasa ikiwa ni ya aluminiamu, au gasketi yake kuungua. Mpira ambao ungebadilishwa kwa fedha kidogo huwa umeleta gharama ya injini nzima, na pengine umemwacha mgonjwa kando ya barabara.

TAHADHARI KABLA YA KUANZA

Mambo yafuatayo hayana mjadala, na mwalimu akiwa na wanafunzi ndiye anayewajibika kuyasimamia:

(a) Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyo ndani yanaweza kuwa na joto zaidi ya lile la kuchemka. Mgandamizo ukiondolewa ghafula, hugeuka mvuke mara moja na kuruka usoni. Ngoja mpaka uweze kuushika mpira wa juu kwa mkono bila kuungua na bila kuhisi kwamba umekaza.

(b) Usitie maji baridi katika injini iliyochemka. Chuma cha moto kikipoozwa ghafula huweza kupasuka.

(c) Injini inapozunguka, weka mbali mikono, kanga, tai na mikono mirefu ya mashati. Feni za umeme huweza kuanza kuzunguka hata baada ya injini kuzimwa.

(d) Vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu, na usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

(e) Kulanti, yaani ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta, aghalabu ina ladha tamu, na ni sumu kwa watoto, mbwa na mifugo. Usiionje, wala usiimwage chini. Ikusanye katika chombo chenye kifuniko.

HATUA ZA UCHUNGUZI

Hatua ya kwanza: Kuthibitisha kwamba maji yanapotea

Swali la kwanza si "yanavuja wapi?" bali "je, yanavuja?" Pikapu nyingi za zamani hazina kikopo cha akiba, au kikopo chake kilikwisha kuvunjika. Maji yakipashwa joto kutoka nyuzi 20 hadi 90 hutanuka kwa asilimia 3 na nusu hivi. Ikiwa mfumo mzima unachukua lita 8, maji yatazidi kwa zaidi kidogo ya robo lita. Dereva anayejaza rejeta mpaka ukingoni kila asubuhi atapoteza robo lita hiyo kila siku kupitia kijibomba cha pembeni, na kesho yake ataijaza tena. Hapo hapana mvujo wowote. Pana mazoea ya kujaza kupita kiasi.

Kwa hiyo, injini ikiwa baridi, tunachagua alama: kwa rejeta isiyo na kikopo cha akiba, sentimita tatu hivi chini ya ukingo, kwa ile yenye kikopo, rejeta hujazwa na alama ikawekwa kwenye kikopo. Kila asubuhi tunaongeza maji mpaka kwenye alama hiyo tu, kwa chupa yenye vipimo, na kuandika katika daftari tarehe, kilometa zilizokwenda jana na mililita zilizoongezwa. Kazi hii ichukue siku tano au zaidi. Wengi huona uvivu kuifanya, lakini bila daftari hatua zote zinazofuata ni kubahatisha.

Hatua ya pili: Kuuliza maji hupotea wakati gani

Daftari likisomwa vizuri hugawanya sababu katika mafungu. Ikiwa maji hupungua hata siku ambazo gari limelala, mvujo upo wakati wote, au upo wakati wa baridi, maana viungo vingine huachia vyuma na mipira inaposinyaa. Ikiwa maji hupungua kwa kadiri ya mwendo, mvujo hutokea wakati wa moto, mgandamizo unapopanda. Ikiwa hupungua zaidi siku za mzigo na milima, tuutazame mfuniko na gasketi kwa makini zaidi.

Hatua ya tatu: Kutazama chini ya gari

Gari likilala, tandika chini ya injini boksi la karatasi lililofunguliwa, na uchore juu yake mahali magurudumu yalipo na upande wa mbele. Asubuhi tazama madoa. Maji hukauka na kuacha mzingo. Oili huwa nyeusi na huteleza. Mafuta ya breki hayana rangi nyingi, huteleza, na hubambua rangi ya gari. Kama gari lina kipoza hewa, maji safi yanayotona chini ya upande wa abiria baada ya safari si dalili ya ugonjwa.

Tone moja moja si jambo dogo. Tone la maji ni kama sehemu moja ya ishirini ya mililita. Tone moja likianguka kila sekunde 10, kwa saa 8 za usiku huwa matone 2,880, yaani mililita 144. Kwa juma zima ni lita moja.

Boksi likibaki kavu, tusiseme kwamba hapana mvujo. Maji yanayoangukia bomba la moto la ekzosi hugeuka mvuke kabla hayajafika chini.

Hatua ya nne: Kutazama juu, injini ikiwa baridi

Fungua boneti mchana wenye mwanga mzuri, ukiwa na tochi na kioo kidogo cha mkononi cha kuonea nyuma ya vitu. Hapa maji ya Singida, ambayo kwa kawaida ni adui wa rejeta, hutusaidia: maji yenye chumvi yakivuja na kukauka huacha ukoko mweupe, na kulanti huacha doa la kijani au jekundu. Fuata doa kwenda juu mpaka mwanzo wake, kwa sababu maji huteremka, na feni huyarushia nyuma. Mahali palipolowa pa chini kabisa mara nyingi sipo palipotoboka.

Pitia sehemu hizi kwa utaratibu, ukiweka alama katika daftari kwa kila moja:

1. Mfuniko: je, mpira wake umekauka au kupasuka? Je, springi bado ina nguvu?
2. Rejeta: maungio ya tanki la juu na la chini, mirija, na koki ya kumwagia maji.
3. Mpira wa juu na wa chini: minya kwa vidole. Mpira mzuri hunyumbuka. Mbovu hulainika kama ndizi mbivu au hukakamaa na kufanya nyufa karibu na vibano.
4. Pampu ya maji: chini ya mhimili wake kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi na watengenezaji. Alama ya maji hapo huonyesha kwamba sili ya ndani imekwisha. Kukiziba kitundu hicho ni kumziba shahidi mdomo.
5. Nyumba ya themostati na gasketi yake.
6. Vizibo vya chuma vya duara vilivyo ubavuni mwa injini, ambavyo huliwa na kutu kutoka ndani.
7. Mipira midogo inayokwenda kwenye kipasha joto cha ndani ya gari, na kipasha joto chenyewe. Zulia la upande wa abiria likiwa na unyevu, au kioo cha mbele kikiingia ukungu wenye harufu tamu, tuwe na shaka nacho.

Hatua ya tano: Kumshika mwizi kwa chaki

Mwalimu hakosi chaki. Safisha na ukaushe kila mahali unapopashuku, kisha upake unga wa chaki kwa brashi au kitambaa, mbali na mikanda na feni. Endesha gari kilometa chache, zima, na utazame tena. Unga uliolowa hubadilika rangi na kuchora mstari, na ncha ya juu ya mstari huo ndiyo mahali tunapopatafuta.

Panapokuwa na fundi mwenye pampu ya kupimia rejeta, ni vema kumwomba. Pampu hiyo hufungwa mahali pa mfuniko, injini ikiwa baridi, na kujazwa hewa mpaka kiasi kilichoandikwa kwenye mfuniko, bila kuzidisha. Mshale ukitulia kwa robo saa, mfumo hauvuji. Ukishuka, tunasikiliza na kutazama bila hatari ya kuungua.

Hatua ya sita: Kuchunguza mvujo wa ndani

Ikiwa nje kote ni kavu na daftari bado linaonyesha upungufu, maji huenda yanaingia ndani ya injini. Dalili zake ni oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Moshi mweupe wa ekzosi usiokoma hata injini ikipata moto. Mapovu yasiyokwisha ndani ya rejeta. Na mpira wa juu kukaza dakika chache tu baada ya kuwasha gari lililokuwa baridi. Tusikimbilie uamuzi kwa dalili moja. Katika asubuhi zenye baridi za Juni na Julai, moshi mweupe wa dakika za kwanza ni mvuke wa kawaida. Na mapovu huonekana muda mfupi katika rejeta yoyote iliyotoka kujazwa upya. Dalili mbili au tatu zikikubaliana, gari lisiendeshwe, apewe fundi.

MFANO WA KUFANYIA KAZI

Mfano ufuatao tumeutunga kwa ajili ya mafundisho. Pikapu ya Mandewa hubeba vitunguu na alizeti. Mwenyewe ameshauriwa na jirani anunue rejeta nyingine. Tulimwomba kwanza ajaze daftari kwa siku tano, nalo likasomeka hivi:

Jumatatu: kilometa 60, mililita 400.
Jumanne: gari halikutembea, mililita 0.
Jumatano: kilometa 20, mililita 150.
Alhamisi: kilometa 100, mililita 700.
Ijumaa: gari halikutembea, mililita 0.

Tunajifunza nini? Gari likilala halipotezi kitu; kwa hiyo mvujo wa wakati wote tunauondoa katika orodha. Likitembea, hupoteza karibu mililita 7 kwa kila kilometa. Kwa hiyo ni mvujo wa wakati wa moto. Boksi lililotandikwa usiku ni kavu, jambo linalokubaliana na daftari. Mfuniko una mpira mzima, na oili ni safi. Rejeta ina doa jeupe, na doa hilo ndilo lililomshawishi jirani. Lakini likisafishwa na kupakwa chaki, baada ya kilometa 10 chaki bado ni kavu. Lilikuwa doa la mvujo wa zamani uliokwisha zibwa. Chaki iliyolowa inapatikana nyuma ya injini, kwenye mpira mdogo wa kipasha joto, penye ufa chini ya kibano. Gari likisimama ufa hujifunga. Mgandamizo ukipanda hufunguka, na maji huangukia ekzosi na kuwa mvuke.

Mpira unabadilishwa, wala hakibadilishwi kitu kingine. Kisha daftari linaendelea kwa siku tano nyingine, na mililita zote ni 0. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Kama tungebadilisha mpira, mfuniko na rejeta kwa siku moja, gari lingepona, nasi tusingejua limeponywa na nini.

Inafaa kuongeza neno juu ya dawa za njiani. Madereva wa nchi nyingi wamepata kutia katika rejeta yai bichi, unga wa pilipili au wa manjano ili kuziba tundu. Pengine husaidia kufika nyumbani, lakini vitu hivyo havichagui tundu. Huziba pia mirija myembamba ya rejeta. Maji ya chumvi nayo hufanya vivyo hivyo polepole, na hula vyuma. Kwa hiyo mwenye gari atumie kulanti iliyochanganywa kama mtengenezaji alivyoagiza, na maji yasiyo na chumvi. Akikosa, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi na kuchujwa ni bora kuliko ya kisima.

KUFUNDISHA JAMBO HILI BILA GARI

Mwalimu-mwanachuo atauliza: nikipangiwa shule isiyo na gari lolote karibu, nifanyeje? Chupa moja ya plastiki inatosha. Itoboe kwa sindano karibu na kitako, ijaze maji na uifunge kwa kizibo. Maji hayatoki, au hutoka kidogo sana. Fungua kizibo, maji hutiririka. Funga tena, maji hukoma. Sasa iminye ingali imefungwa. Maji huruka nje. Kabla ya kila tendo wanafunzi waandike wanachotazamia, na baadaye waandike walichokiona. Kwa jaribio hili wataeleza wenyewe kwa nini tundu moja linaweza kunyamaza likilala na kuvuja likibanwa.

Katika hesabu, wapewe swali la matone: wahesabu matone ya chupa yao kwa dakika moja, kisha wakadirie yatakayopotea kwa siku na kwa juma, na hatimaye wapime kweli. Wakifanya hivyo chini ya bomba la shule linalovuja, jibu lao litakuwa na faida kwa shule nzima. Hii ndiyo maana ya kuunganisha elimu na kazi, kama ilivyosisitizwa katika andiko la Mwalimu Nyerere la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967.

NJIA HIYO HIYO JUU YA MWANAFUNZI

Tumesema kwamba fundi na mwalimu hufuata njia moja. Tuchukue mwanafunzi anayeandika 52 − 27 = 35. Mwalimu mwenye haraka ataweka alama ya kosa na kurudia sura nzima ya kutoa. Huyo ni sawa na jirani aliyeshauri rejeta mpya. Mwalimu mchunguzi atatafuta kwanza daftari la mwanafunzi. Atakuta kwamba 48 − 23 amepata 25, sawasawa, lakini 61 − 38 amepata 37. Maswali yasiyohitaji kuchukua kutoka makumi hayana kosa. Yanayohitaji yote yana kosa la namna moja: mtoto hutoa tarakimu ndogo katika kubwa, bila kujali ipi iko juu. Sasa mahali panapovuja pamejulikana. Atampa vijiti vya makumi na mamoja kwa jambo hilo moja tu, kisha, baada ya siku chache, atampima tena kwa maswali mapya.

Mtoto aliyeshindwa kwa namna hii si mzito wa akili. Akiachwa, kosa lake litamfuata katika kuzidisha, kugawanya na sehemu, kama vile kikombe kimoja cha maji cha kila asubuhi kinavyoifuata injini mpaka mlimani. Kwa sababu hiyo twawasihi walimu-wanachuo wajizoeze mpango huu mapema: kuthibitisha kwamba tatizo lipo, kuandika, kutenga sababu moja moja, kurekebisha kitu kimoja, na kupima tena.

MAZOEZI

1. Rejeta na injini vyote huchukua lita 10 za maji. Kama maji hutanuka kwa asilimia 3 na nusu, ni mililita ngapi zitakazofurika dereva akijaza mpaka ukingoni?

2. Pikapu hupoteza mililita 200 kila usiku hata isipotembea, na haipotezi kitu mchana. Taja sehemu mbili ambazo ungezichunguza kwanza, na ueleze sababu.

3. Kwa nini haifai kubadilisha sehemu tatu kwa mara moja, hata kama fedha zipo?

4. Andaa somo la dakika 40 la jaribio la chupa kwa wanafunzi 60 wenye chupa 10. Onyesha kila kikundi kitaandika nini kabla na baada ya jaribio.

5. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, chagua mwanafunzi mmoja mwenye makosa yanayojirudia katika hesabu au katika kusoma. Jaza daftari lake kwa siku tano bila kumsahihisha kwa jumla, kisha ueleze kosa lake kwa sentensi moja. Ukishindwa kulieleza kwa sentensi moja, endelea kuandika kwa siku nyingine tano.